Kuangua mayai nyumbani Nairobi: joto linajulikana, maji ndiyo yanayosumbua

Mwulize mtu yeyote mwenye mashine ya kuangua vifaranga, awe Kayole au Kitengela, nyuzi za joto atakutajia bila kufikiri: 37.5. Mwulize unyevu, hapo majibu yanaachana. Mmoja ataapa kwa asilimia 45, mwingine 60, na wa tatu atakwambia usitie hata tone la maji mpaka siku ya 18. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa mashine yake, mayai yake na mahali anapoishi. Shida huanza ushauri unapohamishwa na mazingira yake yakaachwa nyuma. Maelezo yaliyoandikwa kwa mtu wa usawa wa bahari yanafuatwa neno kwa neno mtaani Utawala, na siku ya 21 ikifika vifaranga wengi wanapatikana wamekufa ndani ya ganda wakiwa wamekamilika hadi manyoya na kucha.

Vifo hivyo vya dakika ya mwisho ndivyo vinavyovunja watu moyo kuliko vyote, na mara nyingi chanzo chake ni maji. Kwa hiyo tuanze na maji, mengine yatafuata.

Yai linatakiwa kupungua uzito

Ganda la yai lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Kupitia vitundu hivyo oksijeni inaingia, hewa chafu inatoka, na maji yanatoka pia yakiwa mvuke. Nafasi inayoachwa na maji hayo inajazwa na hewa upande wa ncha butu, kati ya tando mbili za ndani. Huo ndio mfuko wa hewa. Siku ya kwanza ni mdogo kama sarafu. Siku ya 18 unatakiwa uwe umechukua kama thuluthi moja ya yai.

Kifaranga anauhitaji kwa kazi moja kubwa. Hadi karibu siku ya 19 anapata oksijeni kwa mishipa ya damu iliyotandazwa chini ya ganda. Kisha anatoboa utando wa ndani kwa mdomo, anaingiza pua kwenye mfuko wa hewa na kuvuta pumzi ya kwanza kwa mapafu. Hewa hiyo ndiyo inayomshikilia mpaka atoboe ganda lenyewe. Yai likipoteza maji kidogo mno, mfuko unakuwa finyu, kifaranga amejaa maji na hana nafasi ya kugeuka. Likipoteza mengi mno, kifaranga anakuwa mdogo na mkavu, na utando umekuwa mgumu na kumgandia mwilini.

Kipimo cha kulenga kwa yai la kuku ni kupungua kwa asilimia 12 hadi 13 ya uzito kufikia siku ya 18. Kati ya 11 na 14 bado mambo ni mazuri. Asilimia ya unyevu inayosomeka kwenye kioo cha mashine ni njia tu ya kufikia upungufu huo, nayo hutofautiana baina ya mahali na mahali.

Kwa nini Nairobi si Mombasa

Chukua hewa ya Mombasa ya kawaida: nyuzi 28, unyevu asilimia 75. Ipashe moto hadi 37.5 bila kuongeza maji wala kupunguza. Mvuke uliomo ni uleule, lakini hewa yenye joto zaidi ina uwezo wa kubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo unyevu wake unashuka hadi kama asilimia 44. Hiyo tayari ni karibu na kinachotakiwa. Ndiyo maana mtu wa pwani anaweza kuangua bila kutia maji hadi siku ya 18 na akapata vifaranga wazuri.

Sasa chukua hewa ya Nairobi: nyuzi 20, unyevu asilimia 60. Ipashe hadi 37.5 na utabaki na asilimia 22 hivi. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 15 na unyevu 80, ambayo mtu anaiona ni hewa nzito kabisa, inaishia 21. Alasiri kavu ya Februari inaweza kushuka chini ya 20. Kinyume na watu wengi wanavyodhani, ukungu wa Julai nje ya dirisha hauisaidii mashine hata kidogo, maana hewa baridi hubeba mvuke mchache hata ikiwa imeshiba.

Juu ya hilo kuna mwinuko. Nairobi iko kati ya mita 1,600 hivi upande wa Embakasi na zaidi ya 1,800 upande wa Karen. Kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani, na hewa ikiwa nyepesi mvuke hupenya vitundu vya ganda kwa kasi zaidi, karibu moja ya tano zaidi. Maana yake yai lililotagwa Kilifi likaletwa Nairobi litapoteza maji haraka kuliko ambavyo lingepoteza kwao, hata kipima unyevu kikisoma namba ileile. Ili yai hilo lipungue kwa mwendo ambao kule lingepata kwenye unyevu wa 50, hapa lingehitaji karibu 60. Kuku waliokaa kwenye mwinuko hutaga mayai ambayo ganda lake linapitisha mvuke kwa ugumu kidogo, kwa hiyo mayai ya kuku wa hapahapa au wa Kiambu hayasumbui kiasi hicho.

Kwa mayai ya kuku waliokulia hapa, anzia 50 hadi 55. Kwa yaliyotoka nyanda za chini, anzia karibu 60. Ni mahali pa kuanzia tu. Baada ya hapo mizani ndiyo inayoamua.

Mizani ya jikoni

Mizani ya dijitali ya kupimia unga, inayopima hadi kilo 5 na kuonyesha gramu moja moja, inatosha kabisa. Pima trei tupu, andika. Panga mayai, pima tena, toa uzito wa trei.

Tuseme una mayai 30 ya wastani wa gramu 50, jumla gramu 1,500. Asilimia 12 yake ni gramu 180 kwa siku 18, yaani gramu 10 kila siku kwa mayai yote pamoja. Siku ya 7 mizani inatakiwa isome karibu 1,430. Ikisoma 1,400, mayai yamekauka mno na unahitaji kuongeza unyevu. Ikisoma 1,455, punguza maji. Bado una siku 11 za kurekebisha, na mwisho wa siku unachotaka ni jumla ya siku 18: wiki ya kwanza ikiwa kavu, wiki ya pili unaweza kuifidia kwa unyevu zaidi.

Pima kabla ya kutoa mayai yasiyo na mbegu, la sivyo hesabu inavurugika. Njia safi zaidi ni kuandika uzito wa kila yai juu ya ganda lake kwa penseli siku ya kwanza, ili ukitoa matano ujue ni gramu ngapi za kuondoa kwenye hesabu ya mwanzo. Usitumie kalamu ya wino mzito, ganda linapumua.

Kinachopandisha unyevu ni upana wa uso wa maji. Kina hakina kazi hapo. Bakuli refu lililojaa na sinia lenye sentimita moja ya maji vinaweza kukaa katika mashine moja, na sinia likaleta unyevu mwingi zaidi. Kina cha maji kinaamua tu yatakauka lini. Unyevu ukiwa chini, badilisha chombo au tumbukiza kipande cha taulo safi kinachoning'inia nje ya maji. Ukiwa juu, funika nusu ya sinia kwa karatasi ya foili. Maji ya kuongeza yawe vuguvugu. Na tundu za kupitisha hewa usizizibe ili kubana mvuke, kwa sababu tutakayoifikia.

Kipima unyevu chenyewe kinahitaji kuhojiwa, maana vile vya bei rahisi vya Luthuli Avenue vinaweza kukosea kwa asilimia 10 na zaidi. Weka chumvi ya kawaida kwenye kifuniko cha chupa, itie maji kidogo iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, ifungie ndani ya mkebe wa plastiki usiopitisha hewa pamoja na kipimo chako, na uache usiku kucha. Ndani ya mkebe unyevu utakuwa asilimia 75. Kipimo kikisoma 68, jua kinapunguza 7 na uongeze kila unaposoma.

Joto

Mashine yenye feni: 37.5 hadi 37.7. Boksi lisilo na feni: 38.3 hadi 38.9, na kipimajoto kiwe usawa wa sehemu ya juu ya mayai. Tofauti hiyo si kosa la uchapishaji. Bila feni hewa ya moto inapanda na ya chini inabaki baridi, kwa hiyo yai linapata joto juu na baridi chini, na ukipata 38.5 juu, katikati ya yai inakuwa karibu 37.5. Mtu anayeweka 38.5 kwenye mashine yenye feni anapika mayai polepole.

Kipimajoto kinachokosea kwa nyuzi moja kinatosha kuharibu mkupuo mzima. Usikijaribu kwa maji yanayochemka: Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, na mtu akidhani ni 100 anakitupa kipimo kizima. Barafu inayoyeyuka ndani ya maji inafaa kwa sifuri, lakini sifuri iko mbali na joto unalolijali. Njia nzuri ni kipimajoto cha homa kutoka duka la dawa. Jaza kikombe maji ya vuguvugu, tumbukiza kipimajoto cha homa pamoja na kihisi cha mashine vikiwa vimegusana, koroga, na ulinganishe vinapokuwa kati ya 37 na 38. Themostati ndogo (vidhibiti vya joto) kama W1209 au STC-1000 zina sehemu ya kurekebisha tofauti hiyo kwenye mipangilio yake.

Kosa la joto linaonekana kwenye tarehe. Vifaranga wakianza kutoka siku ya 19 wakiwa na vitovu visivyofunga vizuri, mashine ina joto jingi. Wakichelewa hadi 22 au 23, wakiwa na matumbo makubwa laini na miguu dhaifu, joto ni kidogo. Kati ya makosa hayo mawili, joto kuzidi ndilo hatari zaidi: nyuzi 40.5 kwa saa chache zinaweza kuua wengi, ilhali kushuka kwa saa hizohizo mara nyingi kunachelewesha tu.

Ukifungua mashine, kioo kitashuka hadi 33 na kurudi baada ya dakika kumi. Usikimbilie kupandisha themostati. Yai ni zito, joto lake la ndani limebadilika kidogo sana.

Kwa anayejitengenezea boksi kwa fundi wa jua kali au kwa lile povu jeupe la kupakia samaki: weka balbu mbili za wati 25 hadi 40 badala ya moja ya wati 60. Moja ikiungua usiku wa manane, nyingine inashikilia mayai mpaka asubuhi. Julai, usiku wa nje unaposhuka hadi nyuzi 10 hadi 12 na nyumba ya mabati ikafuata, boksi jembamba linashindwa kupanda. Lisogeze chumba cha ndani, mbali na dirisha na ukuta wa mabati, na ulifunike blanketi bila kuziba tundu za hewa.

Mayai yenyewe

Hakuna mashine itakayoangua yai lisilo na mbegu. Mayai ya gredi ya dukani yanatoka kwa kuku wasioona jogoo. Hata "kienyeji" ya supamaketi inaweza kuwa hivyo, kwa hiyo nunua kwa mfugaji mwenye jogoo mmoja kwa kila tetea 8 hadi 10. Vunja mayai mawili matatu kwenye sahani kabla ya kununua trei nzima. Kwenye kiini utaona doa jeupe: likiwa duara lenye pete, weupe nje na katikati angavu, upana kama milimita 4, yai lina mbegu. Likiwa doa dogo zito lisilo na mpaka, halina.

Ukiangua mayai ya Kuroiler, Sasso au Rainbow Rooster, jua kwamba hao ni chotara. Watoto wao hawatafanana na wazazi. Ukuaji na utagaji vitatawanyika. Kwa anayetaka kuendeleza kizazi chake mwenyewe, kienyeji safi au kienyeji iliyoboreshwa ya KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, Naivasha, inafaa zaidi.

Mayai yasizidi siku 7 tangu kutagwa. Siku 10 ndio mwisho wa kujaribu. Yatunze ncha kali ikiwa chini, mahali penye nyuzi 13 hadi 18. Sakafu ya simiti kwenye chumba kisichopigwa jua inaweza kufikia hapo miezi ya baridi Nairobi. Friji ni baridi mno. Acha yenye ufa, ganda jembamba, umbo la ajabu au ukubwa uliopita kiasi. Usioshe: maji huondoa utando wa asili wa ganda na kusukuma vijidudu kwenye vitundu. Yai lenye kinyesi lipeleke jikoni likatumike mara moja.

Yakifika kwa boda boda au matatu, yapumzishe saa 12 hadi 24 ncha kali chini, ili mfuko wa hewa uliotikisika utulie. Kisha yaache yafikie joto la chumba kabla ya kuyaingiza. Yai baridi likiingizwa kwenye joto linatoa jasho, na jasho hilo huingiza uchafu ndani.

Kugeuza na kumulika

Geuza mara 3 kwa uchache, 5 ni bora, na idadi iwe witiri ili upande uliolala usiku mmoja usiwe uleule usiku unaofuata. Mashine ya kujigeuza inainamisha trei nyuzi 45 kila upande kila saa moja au mbili. Kugeuza kunazuia kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika, kugandamana na utando na kunaisaidia mishipa ya damu kusambaa vizuri. Wiki ya kwanza ndiyo yenye uzito mkubwa. Aliyesahau siku mbili za mwanzo ataona madhara siku ya 20 na asijue yalitoka wapi. Siku ya 18 acha kabisa.

Kumulika, yaani kupitisha mwanga kwenye yai ili uone ndani, kunahitaji giza, tochi ya simu na kipande cha katoni chenye tundu dogo kuliko yai. Ganda jeupe linaonyesha siku ya 5. La kahawia subiri siku ya 7 au 8. Yai hai lina mishipa myekundu inayotawanyika kutoka doa jeusi, na doa hilo hucheza. Yai wazi kabisa halina mbegu au limekufa mapema mno. Pete ya damu bila mishipa ni kiinitete kilichokufa siku za mwanzo. Ukiwa na shaka, liache hadi siku ya 14. Lakini yai lenye harufu, au linalotoa unyevu mweusi kwenye ganda, litoe siku hiyohiyo kwa mkono mwepesi. Yai viza linalopasuka ndani ya mashine linachafua mengine yote.

Stima ikipotea

Mashine ya mayai machache inayotumia wastani wa wati 40 inakula karibu uniti moja kwa siku, kama uniti 20 kwa mkupuo mzima. Nunua tokeni za siku zote 21 kabla ya kuanza.

Stima ikikatika kabla ya siku ya 14, usifungue. Funika kwa blanketi, na ikipita saa moja weka ndani chupa za maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, zisigusane na mayai. Viinitete vichanga havitoi joto lao wenyewe lakini huvumilia saa kadhaa za baridi kwa kusimamisha ukuaji. Baada ya siku ya 15 hali hugeuka. Vifaranga wanatoa joto na kutumia oksijeni nyingi, na feni ikisimama kwenye mashine iliyojaa, mayai ya katikati yanaweza kuzidiwa na joto na kukosa hewa huku ya pembeni yakipoa. Hapo fungua mlango kidogo dakika chache kila baada ya muda, na uhamishe mayai ya katikati na pembeni.

Usiingize jiko la makaa kwenye chumba hicho kilichofungwa. Moshi wake usioonekana unaua vifaranga ndani ya ganda, na unaua watu waliolala humo pia.

Kwa anayeweza, mashine ya volti 12 yenye betri ya ampea-saa 100 inashikilia mzigo wa wati 60 kwa saa 10 hivi ukiitumia nusu tu ili isife mapema. Kupitia inveta utapata pungufu, maana inveta yenyewe inakula.

Siku tatu za mwisho

Siku ya 18 mulika mara ya mwisho, toa yaliyokufa, laza mayai ubavu juu ya kitambaa chenye mkwaruzo au wavu mdogo ili miguu isiteleze, na pandisha unyevu hadi 65 au 70. Joto unaweza kulishusha hadi 37.2, kwa kuwa vifaranga sasa wanatoa joto lao.

Hapa ndipo tundu za hewa zinapohitajika zaidi. Kwenye mwinuko wa Nairobi kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Mombasa, na kifaranga anayetoboa anaihitaji kuliko siku nyingine zote. Mtu anayeziba tundu ili kioo kisome 75 anawanyima hewa akidhani anawapa unyevu. Ongeza sinia la pili la maji, tundu ziache wazi.

Kifaranga akishatoboa tundu la kwanza hupumzika. Saa 12 hadi 24 za kimya ni kawaida: anamalizia kuvuta kiini ndani ya tumbo, na damu inarudi mwilini kutoka kwenye mishipa ya ganda. Kisha anakata ganda kwa mzunguko na kulisukuma kwa miguu. Ukifungua mashine kumtazama mmoja, mvuke unatoka kwa sekunde chache, na utando wa wengine waliotoboa unakauka ukawa mweupe kama karatasi na kuwabana. Waache. Kiini alichomeza kinamlisha saa 48 bila shida, kwa hiyo waliotoka kwanza wanaweza kusubiri wenzao mpaka wakauke na kuwa na manyoya mepesi.

Kusaidia kuna mahali pake, lakini ni padogo: zimepita saa 24 tangu atoboe, analia, hasongi mbele na utando umekauka. Lowesha utando kwa pamba yenye maji vuguvugu, banja vipande vidogo kuzunguka ncha butu, na ukiona damu hata tone, acha mara moja na umrudishe. Damu inamaanisha muda wake haujafika.

Kwa sababu hizo hizo, kuchanganya mayai ya umri tofauti kwenye mashine moja ni kujitafutia shida. Yanayoangua yanataka 70, yenye siku 10 yanataka 50, na manyoya ya waliotoka yanasambaza vijidudu juu ya yote. Boksi dogo la pili kwa siku tatu za mwisho linamaliza ugomvi huo.

Ndege wengine wanafuata kanuni hiyohiyo kwa siku zao: kware 17 hadi 18, kanga 26 hadi 28, bata wa kawaida na bata mzinga 28, bata bukini karibu 30, bata wa Muscovy 35. Kugeuza kunakoma siku tatu kabla ya kutoka.

Kusoma yaliyobaki

Siku ya 23, yasiyoanguliwa usiyatupe yakiwa mazima. Yapasue nje ya nyumba, moja moja, upande wa ncha butu, ukiwa na glavu, na uandike unachokiona. Kazi hiyo haipendezi, ila hakuna fundi atakayekwambia zaidi kuhusu mashine yako.

Yakiwa wazi mengi, rudi kwa jogoo: ni mzee, ni mzito, au tetea ni wengi kwake. Pete za damu nyingi zinaelekeza kwenye mayai yaliyokaa sana, yaliyotikiswa njiani, au joto lililoruka siku za mwanzo. Vifo vya siku ya 8 hadi 14 mara nyingi hutoka kwa chakula cha wazazi; upungufu wa vitamini B2 kwa tetea huonekana kwa manyoya ya kifaranga yaliyojikunja kama vifundo. Tetea wanaokula mabaki ya jikoni tu watatoa mayai ya namna hii hata mashine iwe ya dhahabu.

Aliyekamilika, ameloa, mwili umevimba na mfuko wa hewa ni mdogo: unyevu ulizidi siku 18 za kwanza. Aliyekamilika lakini mdogo, mkavu, mfuko mkubwa na utando umemgandia: unyevu ulipungua, na hili ndilo linaloonekana sana Nairobi kwa wasiotia maji. Aliyetoboa ganda kisha akafa: hewa ilipungua au mashine ilifunguliwa. Kichwa kikiwa upande wa ncha kali, yai lililala vibaya, ncha kali juu, au halikugeuzwa vizuri.

Linganisha maandishi hayo na gramu ulizopima. Mara nyingi mizani ilikuwa imekwishasema siku ya 7 kile ambacho ganda linasema siku ya 23. Mkupuo unaofuata badilisha kitu kimoja tu, upana wa sinia au nusu nyuzi ya joto, ili ujue ni kipi kilichosaidia.

Kabla ya kuingiza mayai mapya, toa trei zote, futa manyoya kwenye feni kwa brashi kavu stima ikiwa imezimwa, osha kwa maji ya moto na sabuni, kisha pangusa kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa. Formalini ya kufukiza iache kwa vituo vikubwa; ndani ya nyumba ya watu ni sumu. Washa mashine ikiwa tupu saa 24, iangalie ikitulia kwenye 37.5, ndipo uweke mayai.